Simu Iliyojipokea Yenyewe

Fungeni mlango kwanza, na mwenye simu aisogeze mbali kidogo na alipokaa. Haya, sasa tuanze.

Siku ile ile ilipofungwa, kabla fundi hajarudisha bisibisi zake kwenye begi, simu ya wodi ya wazazi ilijipokea bila mtu kuipiga. Kitaa chake cha kijani kiliwaka, spika ikakwaruza kidogo, na ndani yake ikasikika sauti ya mtu anayepukuchua maharage. Taratibu, bila haraka. Ganda linapasuka, punje zinaangukia kwenye ungo, kimya, kisha ganda jingine.

"Nani huyo anapiga?" aliuliza Scolastica.

Fundi, jina lake Danstan, kijana wa Ngara mjini mwenye vidole vyepesi na maneno mengi, alitazama kioo cha simu. Hakukuwa na namba. "Mtandao unajitafuta tu huo, mama. Ukishatulia utaacha." Akabonyeza kitufe chekundu, maharage yakanyamaza.

Zahanati yenyewe iko upande wa Murusagamba, karibu na mpaka wa Burundi, na jina lake nitalimeza, maana watu wake bado wapo na wana haki ya kulala usingizi. Simu za kawaida kule ni za kubahatisha. Ukipanda mlimani unapata mtandao wa ng'ambo unaokukaribisha nchi ambayo hujaenda. Ukishuka umepoteza wa kwao na wa kwetu. Mjamzito akizidiwa, mtu alitumwa apande mlima mbio kwenda kuita gari la wagonjwa. Wanawake wawili walishakufa aliyetumwa akiwa bado njiani. Ndiyo maana wafadhili walipoleta dishi la intaneti, na visimu vitatu vya mkononi visivyo na laini, vinavyopiga kwa intaneti hiyo hiyo, kijiji kilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakakata kamba.

Na hakuna aliyefurahi kumzidi Scolastica, mkunga wa pale kwa miaka ishirini na sita. Alikuwa na lake. Binti yake wa pekee, Josiane, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka, zote kwa damu nyingi, na ile ya pili nusura iondoke na mama yake. Mumewe yuko machimboni, kwa hiyo Josiane alirudi kulelewa na mama, kwenye nyumba ya watumishi nyuma ya zahanati. Mtoto huyo wa tatu ndiye aliyekuwa pumzi ya nyumba ile. Kila asubuhi, kabla ya chai, Scolastica alimpima bintiye presha, akasikiliza mapigo ya kichanga, ndipo akasema "Asante Bikira Maria" na kuweka maji jikoni.

Danstan alimfundisha vizuri, tusimnyime haki yake. Alimwonyesha kitako cha kuchajia, akamwonyesha namna ya kuitafuta intaneti ya zahanati, akaingiza neno la siri herufi kwa herufi, maana kila kitufe kimebeba herufi tatu na ukikosea unaanza upya. Mapokezi akayapa namba 101, wodi ya wazazi 102, chumba cha daktari 103. Kisha akamtazama mikono.

"Mama, ukiwa unazalisha, una glovu na damu, simu ikiita utaipokeaje?"

"Hilo nalo neno."

"Basi nakuwekea ijipokee yenyewe. Ikiita mara moja tu inafungua sauti, wewe unaongea huku unaendelea na kazi yako."

"Weka, mwanangu. Weka upesi."

Hapo ndipo mimi, kila nikisimulia, natamani ningekuwepo nimshike mkono kijana yule. Kwa sababu Scolastica huyu huyu ni Mhangaza, kalelewa kama walivyolelewa wenzake wote: ukiitwa jina lako na humwoni anayekuita, nyamaza. Ngoja wito wa pili. Mtu huita mara mbili, mara tatu, hadi akutukane kuwa kiziwi; kisicho mtu huita mara moja, na ukikiitikia umekifungulia. Kwa miaka yake hamsini na miwili Scolastica hakuwahi kuitikia wito wa kwanza. Wagonjwa walimtania kwamba masikio yake yana kufuli. Hata Anastazi, tabibu mkuu wa pale ambaye kijiji kizima humwita daktari, alishazoea kumwita mara mbili mbili: "Sista! Sista!" Lakini Scolastica alidhani mwiko ule ni wa mdomo tu. Kwamba simu nayo inaweza kumwitikia, wito wa kwanza, saa yoyote, bila kuuliza nani anaita, hilo halikumjia. Lingemjiaje? Wazee waliotuachia mwiko hawakujua kuna siku kitu kisicho na mdomo kitaitika.

Juma la kwanza lilipita na maharage yake. Mchana wa jua, wodi tupu, kitaa kinawaka na mtu anapukuchua. Pamoja na sauti ikaja harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, ile inayokaa jikoni moto ukizimwa kwa nguvu. Scolastica alifungua madirisha, akapiga deki kwa dawa, akabadilisha mashuka. Harufu ikabaki pale pale, kwenye kile kitako cha kuchajia.

"Sista! Sista!" Anastazi aliingia siku moja na simu yake mkononi, uso umekunjamana. "Nimekupigia, umepokea, halafu huongei. Tena unapukuchua maharage kazini?"

"Mimi nilikuwa nje naanika nguo, daktari."

Anastazi ni mtu wa vitabu, hapendi mambo yasiyo na kipimo. Alisema ataandika barua, akaondoka.

Kisha akaja Francisca kujifungua mtoto wake wa nne. Saa nane mchana, mwanamke mwenye nguvu, uchungu unaenda vizuri, na Scolastica akimtania kwamba huyu atatoka akitembea. Kitaa cha kijani kikawaka. Maharage yakasikika kidogo, na juu yake sauti ya mwanamke, laini, yenye adabu, sauti ya jirani anayeomba moto.

"Francisca."

Mara moja. Na Francisca, aliyekuwa amefumba macho kwa maumivu, akidhani ni wa mapokezi wanamwita, aliitika.

"Abee!"

Maharage yakakoma. Tangu simu ile ifungwe ilikuwa mara ya kwanza kukoma yenyewe, bila kubonyezwa kitufe. Scolastica hakupata muda wa kuwaza. Mtoto alikuwa anakuja. Alitoka salama, wa kiume, kilo tatu na nusu, mwekundu, anarusha miguu. Akakunja uso, akafungua kinywa mpaka ufizi wote ukaonekana, kifua kikapanda na kushuka, machozi yakamtoka. Sauti haikutoka.

Alilia vile dakika kumi, mdomo wazi, kimya. Anastazi alikuja akamsafisha koo, akamsikiliza mapafu, akampeleka hospitali na gari la wagonjwa. Huko walimchunguza siku mbili, wakamrudisha na karatasi: mtoto mzima, hana tatizo, ataanza kulia mwenyewe.

Siku ya tatu Scolastica alikuwa peke yake wodini anakunja mashuka, na mvua ndogo inanyesha nje, pale kitaa kilipowaka na kutoka kwenye simu kikasikika kilio cha mtoto mchanga, kilio cha njaa, kimekauka, cha mtoto aliyewekwa mahali akasahauliwa, na mkunga yeyote atakwambia kwamba vilio vya watoto havifanani, na huyu mkunga aliwahi kukiona kilio hiki kabla ya kukisikia, alikiona kwenye kile kinywa kilichofunguka mbele yake siku tatu nyuma bila kutoa kitu. Aliketi chini, sakafuni, mashuka mapajani.

Anastazi akachungulia mlangoni. "Nani kajifungua? Mbona sikuambiwa?" Akaviona vitanda vitupu. Akaiona simu. Akaufunga mlango taratibu kwa nje, kama aliyekuta watu wanavaa.

Wa pili alikuwa mtoto wa Adelfina, wa kike. Mambo yakawa yale yale: jina likaitwa mara moja, mama akaitika, mtoto akazaliwa analia bila sauti. Tangu hapo vilio kwenye simu vikawa viwili, kimoja kikianza kinamwamsha mwenzake. Wanawake wakaacha kuja. Walijifungulia majumbani, kwenye migomba, popote pasipo na kile kitaa. Padri alikuja akanyunyiza maji ya baraka, simu ikatulia siku mbili, watu wakapumua, ya tatu ikaanza tena.

Danstan akaitwa. Alikuja anacheka, akaunganisha kompyuta yake, akafungua orodha ya simu zote zilizopigwa, na kicheko kikamwishia mdomoni.

"Mama, hizi simu hazitoki nje."

"Zinatoka wapi?"

Alimwonyesha kioo. Kila mstari ulisema hivyo hivyo: kutoka 102, kwenda 102. Mamia ya mistari. Simu ilikuwa inajipigia na kujipokea yenyewe.

"Toa ile," Scolastica alisema kwa sauti ya chini. "Ile ya kujipokea. Itoe."

Aliitoa. Vidole vyake vyepesi vilikosea neno la siri mara nne. Alikataa chai, alikataa hata kukaa, akapanda pikipiki yake akiwa hajavaa koti na mvua inanyesha. Na kuanzia jioni ile simu, kwa kuwa sasa hakuna wa kuiitikia, ilianza kuita. Inaita mlio mmoja. Inanyamaza. Baada ya kitambo, mlio mmoja.

Josiane aliusikia kutoka kule nyumbani. Alikuwa anachagua mchele, mkono ukabaki hewani.

"Mama."

"Usijali, mwanangu."

"Mama, mimi nikiitwa mchana nitanyamaza. Nikiitwa niko usingizini, nitajuaje kunyamaza?"

Usiku huo Scolastica alilala kitanda kimoja na bintiye, kiganja chake juu ya mdomo wa Josiane, akimwachia pua tu apumue. Na asubuhi, yeye mama wa kwaya, aliyekuwa akiwasema wenzake kila Jumapili kwa kwenda kwa waganga, alijifunga kitenge usoni akatafuta pikipiki ya kumpeleka Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo, kwa mfumu mmoja wa Kisukuma aitwaye Shibuda. Ukiwa na mtoto wa kuokoa, aibu unaikuta njiani ukirudi.

Shibuda alikuja naye. Msidhani ni yule mganga wa ngozi ya chui na vibuyu. Alikuwa mzee mfupi mwenye hasira, kavaa kofia ya pikipiki iliyombana akashindwa kuivua, akazunguka nayo zahanati nzima. Aliinamia kitako cha simu, akanusa. Akaomba kiti. Akasikiliza mlio mmoja, wa pili, wa tatu, muda mrefu.

"Nani aliliitikia?"

Scolastica akaeleza. Glovu, damu, fundi, kujipokea.

"Kumbe!" Mzee aliguna. "Lipo hapa mlimani tangu kale hili, linapita linaita, na ninyi Wahangaza mnajua kunyamaza. Limekaa na njaa yake. Leo mkaliajiria mtumishi wa kuitika."

"Linataka nini?" aliuliza Anastazi. Alikuwa amesimama karibu na mlango, mikono mfukoni.

"Sauti. Lenyewe halina isipokuwa ya kuita. Wala halijali umeitwa nani. Linajali mdomo uliofunguka. Anayeitika ndiye anayelipa, na akiwa na mwana tumboni, humchukulia mwana, ni laini zaidi."

"Tukiivunja hii simu?"

"Vunja. Halafu wale watoto wawili muwafundishe kuongea kwa mikono, maana vilio vyao vimo humo."

Kisha akatoa dawa yake, na haikuwa ya kunywa wala kuchanja. Siku saba. Simu ibaki pale pale, na ikiita asiipokee mtu, na mtu asiipige. Ukipokea umeitika; ukipiga umelialika mwenyewe. Likikosa kuitikiwa siku saba litakauka, litavitema vilio na kwenda zake.

"Na mgonjwa akizidiwa?" Anastazi aliuliza. "Hizi simu tatu ndizo pekee zinazolipata gari la wagonjwa. Zile mbili nyingine zinapitia mtambo ule ule."

"Ukipiga yoyote umepiga hiyo," alisema Shibuda, akiivuta kofia yake kwa mikono miwili. "Muombe asizidiwe."

Siku ya kwanza simu iliita mlio mmoja mmoja mpaka machweo. Ya pili vivyo hivyo. Siku ya tatu milio iliongezeka, ikawa haiachi nafasi hata ya kusema sala ya Salamu Maria mpaka mwisho. Ya nne Anastazi, mtu wa vitabu, alitoa betri na kuiweka mfukoni mwake, na simu isiyo na betri ikaita, na yeye akaenda kukaa chini ya mgomba nje akitazama viatu vyake mpaka giza lilipoingia. Siku ya tano Scolastica aliwaza kumhamishia Josiane mjini, lakini barabara ilikuwa matope matupu, na bintiye alikuwa ameshaanza kulalamika kiuno, na kumpandisha mwanamke wa miezi tisa mwenye historia ya damu kwenye pikipiki ni kumzika ukiwa unamwona.

Siku ya sita, saa tisa alasiri, mbingu ilikuwa nyeusi tii na mvua inapiga bati mpaka mnapigiana kelele. Josiane alisimama mlangoni mwa wodi akiwa ameshikilia fremu. Gauni lake lilikuwa limelowa kuanzia mapajani kwenda chini, na haikuwa mvua.

"Mama, imeanza tena."

Walimlaza. Scolastica aliona damu, akaona rangi yake, akajua. Hii haikuwa ya kuzalishia pale. Hii ilihitaji kisu na damu ya kuongezewa, na giza likiingia bila hivyo angezika wawili. Anastazi alimtundikia dripu, kisha akaweka betri mezani, akachukua simu yake mwenyewe, akatoka mbio kuelekea mlimani kwenye ile mvua, kama walivyokimbia wale wengine zamani.

Dakika kumi. Ishirini. Josiane alianza kuwa wa baridi. Midomo yake ikawa na rangi ya majivu.

"Mama, mtoto anacheza bado," alinong'ona. "Anacheza. Usimwache."

Simu ikaita mlio mmoja, ikanyamaza, na Scolastica, aliyekuwa amebana kitambaa kwa mikono yote miwili huku akihesabu mapigo ya bintiye kwa macho tu, shingoni, pale mshipa unapoinuka na kushuka, na kila ulipoinuka uliinuka mdogo kuliko mwanzo, aliwaza siku sita walizovumilia, akawaza kinywa cha mtoto wa Francisca na kinywa cha mtoto wa Adelfina vinavyosubiri siku moja tu iliyobaki, akawaza maneno ya mzee, ukipiga umelialika mwenyewe, akawaza wale wanawake wawili waliokufa mtu akipanda mlima, na akakuta kwamba mkono wake wa kulia umeshaondoka kwenye kitambaa, umeshachomeka betri, umeshaishika simu, na kidole chenye damu kinabonyeza namba ya Emilian, dereva wa gari la wagonjwa, ambayo aliijua kwa kichwa kuliko namba ya ndugu zake.

"Nisamehe, Francisca," alisema. "Nisamehe, Adelfina."

"Haloo! Mama Josiane?" Sauti ya Emilian ilitoka safi kana kwamba kasimama pale.

"Njoo, Emilian. Ni Josiane. Damu. Waambie watayarishe chumba cha upasuaji, kundi lake ni O. Kimbia, baba, kimbia!"

"Natoka sasa hivi!"

Alibonyeza kitufe chekundu. Kitaa hakikuzimika. Alibonyeza tena. Ndani ya mvua, chini ya mvua, karibu kuliko mvua, ganda lilipasuka na punje zikaanguka kwenye ungo.

"Josiane."

Laini, yenye adabu. Mara moja.

Kope za Josiane zilicheza. Alikuwa mbali sana, kule ambako mtu husikia jina lake na kulishika kama kamba, na kabla Scolastica hajafika kitandani aliona midomo ya bintiye ikiachana na ulimi ukipanda. Alimziba mdomo kwa kiganja kilicholowa. Alihisi neno likigonga kiganja, likitafuta pa kutokea. Halikuwa na haraka lile la kwenye simu. Lilikuwa linasubiri. Lilijua kwamba kuna mdomo utakaofunguka, na mgonjwa asiye na fahamu huwezi kumziba kwa saa nzima kwa mkono mmoja huku mwingine unazuia damu.

Hapo Scolastica, ambaye kwa miaka hamsini na miwili hakuwahi, aligeuza uso kuielekea simu.

"Abee," aliitika. "Abee, niko hapa. Nichukulie mimi."

Maharage yakakoma.

Hakusikia maumivu. Alisikia kitu kikitoka kooni, chembamba na kirefu, kama uzi unaovutwa kwenye mshono wa gauni, kikaisha. Kitaa kikazimika. Harufu ya majivu ikaondoka wodini kwa mara ya kwanza tangu simu ifungwe. Alipotaka kusema "Josiane, vumilia," midomo ilitamka, na wodini ikasikika mvua tu.

Gari lilifika mapema kuliko lilivyowahi kufika. Emilian na Anastazi aliyelowa chapachapa walimbeba Josiane, Scolastica akapanda nyuma naye akiwa ameshikilia dripu juu, akielekeza kwa mkono, na hakuna aliyeshangaa kimya chake, maana nani ana la kusema saa kama ile.

Saa kumi na mbili jioni, kwenye korido ya hospitali, mlango wa chumba cha upasuaji ulifunguka na kabla muuguzi hajatoka kilitoka kilio. Kilio cha hasira, kikubwa, cha msichana aliyeonewa. Wauguzi walikuwa wanacheka. "Huyu atakuwa mwalimu wa kwaya!" Mama mtu yuko hai, wameshamwongezea damu, ataamka. Scolastica aliegemea ukuta akashuka nao mpaka chini, akilia mdomo wazi, bila sauti hata ndogo. Na haikupita nusu saa Anastazi akaja mbio na simu yake: mtu kapanda mlima kule kijijini akatuma habari, mtoto wa Francisca kalia, na wa Adelfina, wote kwa wakati mmoja, saa ile ile mvua ilipokuwa kali, na watu wako nje wanapiga vigelegele. Lile la kwenye simu, lilipopata sauti ya mtu mzima, lilikuwa limevitema vilio vile. Scolastica alipiga ishara ya msalaba. Akasema moyoni kwamba ameuza kwa bei nzuri.

Emilian akaja na vikombe viwili vya chai ya tangawizi, akaketi karibu naye kwenye benchi. Alikuwa mtu wa maneno hata siku ya kawaida, na leo alikuwa na sababu.

"Mama Josiane, mimi sina cha kukulipa. Bila wewe ningekuwa nimelala mtoni na gari langu."

Scolastica alimtazama.

"Umenishika mkono kwenye simu njia nzima nikija kwenu! 'Emilian, daraja limejaa, pita juu. Emilian, hapo kuna jiwe.' Nikawa najiuliza, huyu mama anamhudumia mwanawe na bado ana nafasi ya kuniongelesha? Hata kule bondeni, simu inapokatika siku zote, wewe hukukatika."

Alitikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, chai ikamwagika mapajani. Emilian akaona ni unyenyekevu.

"Usikatae sifa zako. Na ulivyoona naogopa, ukaanza kuniuliza habari za nyumbani, nikatulia kabisa. Nikakutajia watoto wote watano kwa majina, na mama yao, na huyu aliye tumboni tuliyekwisha kumpa jina. Ukacheka, ukasema ni majina mazuri, utawapigia leo leo, mmoja mmoja, uwasalimie."

Scolastica alimshika shati kwa mikono miwili, akafungua mdomo. Emilian alimpigapiga begani, akamwambia anywe chai kwanza, maneno yapo, yatasubiri.